Chupa ya Jicho la Kulia

Mama yangu alipasuliwa jicho la kushoto na jicho hilo halikuona. Naanza na hilo kwa sababu kijijini kwetu, upande wa Kisarawe, habari hiyo ilisimuliwa kwa miaka mitatu na kila msimuliaji aliishia pale pale: hospitali ilimpofusha. Waliokuwa na mtoto wa jicho waliisikia, wakaamua kubaki nyumbani na ukungu wao. Mimi nilijua tangu mwezi ule ule kwamba hospitali haikumpofusha, na nilinyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza.

Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na baada ya kustaafu nimebaki Visiga, kwenye nyumba yangu ndogo yenye shamba la mihogo nyuma. Tabia ya kueleza haijaniacha. Kwa hiyo niruhusu nieleze kwanza ugonjwa wenyewe, kwa sababu watu wengi wanauogopa bila kuujua.

Ndani ya jicho, nyuma ya ile mboni nyeusi, kuna lenzi ndogo inayopaswa kuwa angavu kama maji ya kunywa. Umri ukienda inaanza kuchafuka, polepole, mpaka inafanana na maji uliyooshea mchele. Mtu anaona kama anachungulia kupitia chandarua, kisha kupitia shuka, kisha hakuna. Haiumi. Hakuna majani ya kuikamulia wala matone ya kuisafisha. Inatolewa, inawekwa nyingine iliyotengenezwa, na kazi hiyo kwa kawaida haichukui muda wa kupika chungu cha maharage. Hapo watu wanadhani mambo yameisha. Kumbe daktari akimaliza sehemu yake, inabaki sehemu ya nyumbani, na sisi sehemu yetu tuliivuruga.

Mwaka jana jicho la kulia nalo likaanza. Mama ni msukaji wa ukili. Anachana ukindu, anautia rangi, anasuka mistari mirefu na kuishona kuwa mikeka, na mikeka yake inajulikana kwa zambarau na kijani vilivyopangwa bila kukosea. Nilipokwenda kumsalimia nilikuta amesuka mkeka mzima wa rangi zilizochanganyikana, zambarau imeruka mahali pa kijani, kijani imepotea. Alikuwa anaupapasa kwa vidole.

"Umekaaje?" akaniuliza.

"Umekaa vizuri, mama."

"Mwongo. Mdogo wako keshaniambia ni mkeka wa kipofu."

Mdogo wangu wa kiume ndiye anayekaa naye. Analima korosho na mihogo, anampenda mama kuliko kitu chochote, na ndiye aliyekuwa mpinzani mkubwa wa upasuaji wa pili. Jioni ile tulikaa barazani watatu, mama akiendelea kusuka, na mdogo wangu akatoa hoja zake.

"Dada, mama ni mtu mzima. Hilo moja linamtosha kwenda chooni na kurudi."

Mama hakuinua kichwa. "Nani kakwambia nimebakiza safari ya chooni tu?"

"Mama, la kwanza si uliliona mwenyewe lilivyokuwa?"

"Sikuliona. Ndiyo maana nalitaka la pili."

Tulicheka, hata yeye. Kisha mdogo wangu akarudi kwenye ile hoja ya kwetu ambayo kila nyumba inaijua: tusubiri liive. Lile la kushoto, alisema, lilikatwa bichi.

Nilimwambia ukweli ulivyokuwa. Lile la kushoto tulilisubiri miaka minne, kwa amri ya wajomba, mpaka mboni ikawa nyeupe kama nyama ya nazi. Daktari alilikuta gumu, likamchukua muda mrefu na kidonda kikubwa kuliko kawaida. Kusubiri liive ni ushauri wa zamani, wa enzi za vifaa vingine. Siku hizi mtu akishashindwa kufanya kazi zake kwa sababu ya ukungu, wakati wake umefika.

"Kwa hiyo sisi ndio tulioharibu?" mdogo wangu akauliza, kwa hasira kidogo.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema yote. Nilisema, "Kusubiri kulichangia," nikaishia hapo.

Mama akaweka ukili chini. "Nisikilizeni. Nimebakiwa na jicho moja. Nyinyi mnaliogopea, na mimi naliogopea. Lakini likizimika bila kujaribu, litakuwa limezimika vile vile, na mimi nitakuwa nimekaa hapa napapasa. Jumatatu nakwenda hospitali Kibaha. Anayetaka kunishika mkono anishike. Asiyetaka, nitapapasa mpaka barabarani."

Jumatatu tulikwenda.

Daktari wa macho alikuwa dada wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Alimwamkia mama, akamkalisha, akaanza na lile jicho bovu. Alilimulika kwa muda mrefu. Akatuambia lenzi iliyowekwa ilikuwa mahali pake, imekaa sawasawa. Kilichozuia mwanga ni kovu. Vijidudu viliingia kutoka nje baada ya upasuaji, jicho likaoza kwa ndani, likapona kwa kovu.

"Baada ya upasuaji ule, nani alikuwa anaweka dawa?"

Mdogo wangu alinitazama. Mama hakuhitaji kunitazama.

Basi nikasema. Nilisema mbele ya daktari, mbele ya muuguzi, mbele ya mdogo wangu ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akiwalaani watu wasio na kosa. Wiki ile ya upasuaji wa kwanza, nilipokuwa kwa mama nikimuuguza, ugonjwa wa macho mekundu ulikuwa umeingia kijijini. Kwetu dawa haifichwi. Mwenye panadoli anagawa, mwenye dawa ya kikohozi anamimina kijiko kwa mtoto wa jirani, na kumnyima mtu ni kumwambia hadharani kwamba si mwenzako. Jirani yetu wa nyumba ya pili, rafiki wa mama tangu usichana, alikuja macho yamevimba, akaomba tone. Mama akasema mpe. Nikampa. Mkono wangu ndio ulioshika chupa, na ncha yake iligusa kope za jirani, zilizokuwa na tongotongo. Mchana nikamwekea mama kwa chupa ile ile. Kesho yake jirani akaja tena, na wengine wawili. Siku ya sita chupa ikaisha, na dawa ilipaswa kufika mwezi.

Jicho lilipoanza kuuma tulisema dawa inafanya kazi. Tulikaa siku tisa tukisema hivyo. Mwalimu mzima, niliyewafundisha watoto kunawa mikono kwa wimbo.

Nilitegemea mdogo wangu apige kelele. Mama ndiye aliyesema.

"Mkono ulikuwa wako, chupa ilikuwa yangu. Nilijua kwamba unajua. Nilikuwa nasubiri useme."

Daktari hakunigombeza. Alisogeza kiti. "Mwalimu, umenisaidia. Sasa tunajua cha kulinda." Akaligeukia jicho la kulia. Alipima presha ya jicho, akamwekea matone ya kupanua mboni ili aone ukuta wa nyuma, pale picha zinapopokelewa. Alituambia wazi kwamba lenzi mpya haiwezi kusaidia kama ukuta ule umeharibika, na ndiyo sababu wanatazama kwanza. Ukuta wa mama ulikuwa mzuri kiasi. "Sikuahidi macho ya binti wa miaka ishirini, bibi. Lakini kuna cha kuokoa."

Kisha wakapima sukari kwenye damu, ikawa juu sana. Upasuaji ukaahirishwa.

"Unaona, dada?" mdogo wangu alinong'ona nje. "Hata wao wanaogopa."

Muuguzi alimsikia. Alikuwa mama wa makamo, Mnyamwezi, na Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani, kwa hiyo hakuwa na adabu ya kutuwekea. "Hatuogopi, shemeji. Sukari ikiwa juu kidonda hakifungi vizuri na vijidudu vinafanya sherehe. Mpeleke huyo mtani wangu nyumbani akanywe chai bila sukari. Wazaramo mnaweka sukari mpaka kijiko kinasimama."

"Na wewe uje unywe kwangu," mama akajibu, "uone kama utatoka na meno."

Wiki saba. Dawa za sukari asubuhi na jioni, bila kuruka. Ugali kiasi cha ngumi yake mwenyewe, mboga nyingi, na chai bila sukari, ambayo mama aliinywa kila siku akiitukana. Mdogo wangu alijaribu mara mbili kumwekea kijiko kwa huruma, na mara zote mbili mama alimrudishia kikombe. "Unanihurumia mdomo, unaniua jicho," alimwambia. Tuliporudi Kibaha sukari ilikuwa imeshuka, na muuguzi alipiga vigelegele koridoni mpaka wagonjwa wengine wakatoka kuangalia.

Walipima urefu wa jicho kwa mashine ili wajue lenzi ya nguvu gani itamfaa. Niliuliza kwa nini, nikaambiwa lenzi ni kama viatu, ukivaa vya mwingine unatembea lakini kwa taabu. Daktari alimwomba mama alale tuli na asiguse uso. Aliganzishwa jicho tu, akili yote macho. Mimi nilisubiri nje. Sikuomba kwa maneno marefu. Nilirudia moja tu: mkono wangu usikosee tena.

Kesho yake asubuhi walifungua bandeji. Mama alipepesa, akatulia, akamtazama muuguzi kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Sauti yako ilinidanganya. Nilidhani ni mzuri."

Muuguzi alicheka mpaka akakaa. Daktari alicheka. Mdogo wangu alitoka nje akasimama nyuma ya mlango, na aliporudi uso wake ulikuwa umelowa. Mama akamwita karibu, akamshika kidevu. "Na wewe umezeeka lini? Hujaniaga."

Nilitaka abaki kwangu Visiga, karibu na hospitali. Alikataa. "Nikiponea kwako watasema jicho linapona Kibaha tu. Nakwenda kuponea kwangu." Kwa hiyo nikafunga virago, nikachukua na jiko langu la gesi na kiti changu, nikahamia Kisarawe kwa mwezi na nusu.

Nieleze tulivyoishi, kwa kuwa wewe unayesoma huenda una mzazi anayengoja. Dawa ilikuwa mara sita kwa siku mwanzoni, na saa ya ukutani kwetu haikuwa na betri. Tulifuata azana. Baada ya kila sala tone moja, hayo ni matano, na la sita saa nne asubuhi, mdogo wangu akirudi kutoka shambani. Nilinawa kwa sabuni kila mara. Nilivuta kope ya chini, nikadondosha bila ncha kugusa kitu, nikafunika. Chupa ilikaa kwenye kopo lenye mfuniko, juu ya kabati la mama, na kopo lilifungwa kwa uzi wa zambarau alioufunga yeye. Usiku alilala na kifuniko cha plastiki juu ya jicho, ili asilifikiche usingizini. Jikoni penye moshi wa kuni hakuingia. Mdogo wangu alijifunza kusonga ugali kwenye jiko la gesi, na wa siku ya kwanza tuliwapa kuku.

Sala ilileta ubishi. Daktari alisema asiiname kichwa chini kwa wiki za mwanzo. Mama aliposikia atasali ameketi kwenye kiti alinuna siku nzima, mpaka akajiuliza mwenyewe kwa sauti: "Mungu ananiona hapa chini, kwenye kiti atashindwa?" Akasali kwenye kiti changu cha shule, cha mbao, nilichopewa siku ya kuagwa kazini.

Wageni walikuja kutoa pole kama ilivyo desturi. Walimpungia mkono mbele ya uso, wakanyoosha vidole. "Vingapi hivi, bibi?" Alijibu vidole vingapi, na wakati mwingine akaongeza kwamba kucha ni chafu.

Baada ya wiki nne tulirudi Kibaha kupimwa. Ukutani palikuwa na ile karatasi ya herufi zinazoelekeza juu, chini, kushoto, kulia. Mama alionyesha kwa mkono, mstari baada ya mstari, karibu na mwisho. Mistari miwili ya chini ilimshinda, akabishana nayo. Jicho lilikuwa safi. Atahitaji miwani ya karibu kwa kusuka, daktari alisema, na dawa iendelee wiki mbili zaidi, mara chache kwa siku, kwa sababu ndani bado linapona. "Wengi wanaharibu hapa mwishoni, wakishaona wanaona."

Wiki hiyo hiyo, jirani wa nyumba ya pili alikuja. Yule yule. Macho mekundu, yanatiririka, khanga mkononi ya kujifuta.

"Hodi. Jamani macho yananiua. Nipatie tone, mwenzangu, kama siku ile."

Nilikuwa nimeshika kopo. Nakiri kwamba mikono yangu ilikuwa tayari kwenye uzi. Miaka sitini ya kufundishwa kutomnyima jirani haitoki kwa mwezi mmoja. Sikujua niseme nini ambacho hakitamuumiza, na wakati nikitafuta maneno mazuri, mama alisimama.

"Hatutoi," akasema.

Jirani alidhani ni utani. Alicheka, akaona mama hacheki, kicheko kikakatika. "Hata tone? Mimi?"

"Hata wewe. Wewe hasa."

"Haya. Kibaha kumekubadilisha." Akaanza kugeuka.

"Simama," mama akasema. "Nikupe kuliko tone. Mwanangu, mwambie."

Nilimwambia. Nilisema chupa ile ya kwanza niliishika mimi, ncha ikamgusa kope, nikarudi nayo kwa mama. Nilisema hospitali haikumpofusha mtu. Nilieleza taratibu, kama ninavyowaeleza watoto, kwamba dawa ya mtu aliyepasuliwa ina kazi moja, jicho moja, na kwamba yeye hakuwa na kosa kwa kuumwa.

Jirani alikaa chini pale mlangoni. "Kwa hiyo ni macho yangu ndiyo yaliyo...?"

"Ni sisi watatu," mama akamkata. "Wewe uliomba, mimi nikatoa, huyu akashika. Miaka mitatu tumeutupa mzigo kwa watu wengine. Inatosha. Inuka twende zahanati."

"Zahanati ni mbali na jua hili."

"Nilitembea mbali zaidi nikiwa sioni."

Alichukua miwani yake ya giza, akajifunga khanga, akatangulia. Mimi niliweka kopo juu ya kabati na kuwafuata mbio.

Zahanati ilikuwa na watu kama kumi kwenye benchi. Mganga aliosha macho ya jirani, akampa dawa yake mwenyewe yenye jina lake juu, akamulika tena. Akamwambia macho mekundu yatapona, lakini nyuma yake macho yote mawili yana mtoto wa jicho, aende Kibaha mapema.

"Mimi? Siendi kupofushwa!" jirani alisema kwa sauti, na benchi zima likaguna kumkubali. Habari ya mama wote walikuwa nayo.

Mama akavua miwani ya giza. Alisimama mbele ya lile benchi, mwanamke mfupi mwenye jicho moja la kovu na jingine linaloona.

"Aliyepofushwa ni mimi, kwa hiyo nisikilizeni mimi," akasema. "La kushoto tulilichelewesha mpaka likawa jiwe. Nilikuwa na sukari na sikujua. Dawa yangu nilimgawia kila aliyepiga hodi. Lilipouma nilikaa ndani siku tisa. La kulia sikulifanyia hata moja kati ya hayo. Nawaona wote. Wewe wa mwisho, umevaa shati nje ndani."

Yule mzee wa mwisho alijitazama, na benchi likaangua kicheko. Jirani hakucheka. Aliuliza polepole, "Na chai bila sukari ni kila siku?"

"Kama una sukari, kila siku. Utanitukana, kisha utazoea."

"Utanipeleka?"

"Nitakupeleka. Na dawa yako nitaikalia mlangoni, asiiguse mtu."

Tulirudi jua limepungua. Njia ile ina mashimo ya mvua zilizopita, na tangu jicho la kulia liingie ukungu nimeipita nimemshika mama mkono, nikimtajia kila shimo na kila mzizi. Siku hiyo alikuwa mbele yetu hatua kumi, anamweleza jirani bila kugeuka jinsi ya kunawa mikono kabla ya kushika chupa. Mimi nilikuwa nyuma, nawaza saa. Alasiri ilikuwa imefika na tone lake lilikuwa linangoja.

"Mwanangu," akaniita, "angalia mbele yako. Kuna shimo hapo."

Nililiruka.